Kwa mnaoanza kazi na dawa za maumivu: mpinzani ndani ya kidonge

Ukianza kazi kwenye famasi au wodi, utakutana na kidonge chenye dawa mbili zinazopingana: oksikodoni inayotuliza maumivu, na naloksoni inayoing'oa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli ambazo dawa hushika ili ifanye kazi. Wageni huuliza, mbona maumivu hayarudi? Angalia kipimo, kisha angalia njia dawa inayopitia.

Naloksoni ikimezwa, ini huivunja karibu yote. Isiyofika asilimia 3 ndiyo huingia kwenye damu. Basi kazi yake inaishia utumboni, ambako huzuia mgonjwa kufunga choo. Msilione hilo dogo, kwa sababu mwili huzoea kichefuchefu cha mofini na ndugu zake kama oksikodoni, ila kufunga choo hauzoei. Ini likiwa bovu, hesabu hiyo inavunjika, kwa hiyo ulizia ini kabla ya kutoa. Kwenye buprenofini, ndugu mwingine wa mofini anayetumika kutibu uraibu, naloksoni huwekwa kwa uwiano wa buprenofini 4 kwa naloksoni 1, kwa sababu nyingine: kumkatisha tamaa anayetaka kuyeyusha dawa ajidunge.

Hakuna kati ya hizo inayozuia usugu, yaani mwili kuizoea dawa hadi kipimo kilekile kisitoshe, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wazo la kuzuia usugu lilipata nguvu miaka ya 1990, Crain na Shen wa Marekani walipoonyesha kwamba naltreksoni, mpinzani mwingine kama naloksoni, kwa kipimo kidogo mno iliipa mofini nguvu zaidi kwa panya, na kupunguza usugu na utegemezi. Kwa binadamu matokeo yamepishana. Mimi bado nina matumaini nalo, lakini si tiba ya kujaribia wodini.

Ninachokiogopa ni mtu kusikia habari hizo kisha akampa mgonjwa wa mofini kidonge cha kawaida cha naltreksoni, cha mg 50. Ataingia arosto ya ghafla: kutapika, kuhara, jasho, maumivu yote kurudi kwa pamoja, na hali hiyo inaweza kupita siku nzima. Naltreksoni haianzwi mpaka mtu akae siku 7 hadi 10 bila opioidi (dawa za jamii ya mofini), na kwa methadoni, opioidi inayokaa mwilini muda mrefu, zaidi ya hapo.

Mgonjwa wa maumivu akizidiwa na mofini, pumzi zikapungua, msaidie kupumua kwanza. Kama bado anapumua, usimsukumie ampuli nzima ya naloksoni ya mg 0.4. Ichanganye na maji ya chumvi ya sindano (saline) ifike ml 10, mpe ml 1 au 2, hesabu pumzi, subiri dakika 2, rudia. Unataka apumue vizuri, si azinduke akilia kwa maumivu. Kisha usiondoke: naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, na mofini ya kumeza ya muda mrefu bado imo mwilini.