Goroli inanitumbukia katikati

SWALI: Shikamoo mjomba. Stationari ninayofanyia kazi hapa Nyegezi ina kompyuta ya zamani ya Windows XP, na ndani yake mna ule mchezo wa pinboli, goroli na vibao viwili vya kuirudisha juu. Wateja wakipungua nacheza, lakini goroli haikai, inatumbukia katikati. Kaka yangu ananicheka, eti hilo ni dubwi tu, mashine ya kamari, kila kitu bahati. Ni kweli?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Marahaba. Kaka yako ana wenzake, tena wenye vyeo. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, naye aliita pinboli kamari. Mwaka 1942 ikapigwa marufuku jijini na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Nao hawakukosea sana, maana enzi hizo hakukuwa na vibao. Unavuta fimbo ya springi, unaachia, unabaki kutazama. Vibao vililetwa mwaka 1947 na mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Marufuku ikaondolewa 1976, baada ya mchezaji hodari, Roger Sharpe, kucheza mbele ya madiwani na kutaja mapema goroli itapita njia ipi. Ikapita hapohapo. (Baadaye alikiri bahati ilimbeba. Hilo usimwambie kaka yako.)

Kwenye dubwi, ukishatumbukiza ile sarafu ya mia mbili mikono yako haina kazi tena. Huku kazi ndiyo inaanza.

Nadhani wewe unabonyeza vitufe vya vibao, Z na alama ya mkwaju (/), kwa pamoja kila goroli inaposhuka. Acha. Vibao vikiinuka vyote viwili, katikati panabaki pengo la kupitisha sato. Inua cha upande inakokuja goroli tu. Ikija taratibu kwa njia ya pembeni, kiinue kibao mapema, kishikilie, nayo italala pale. Sasa tuliza pumzi uchague shabaha. Shusha kibao, iache ibingirike: ukipiga ikiwa karibu na shina la kibao, inapanda wima au inarudi upande uleule, ukingoja ifike nchani, inakata kwenda upande wa pili. Jifunze hilo kabla ya kuhangaikia pointi.

Kusukuma meza ya mchezo kunaruhusiwa, kwa X, nukta na mshale wa juu. Mimi ni fundi umeme, mashine naijua kwa kuifungua: ndani ya ile ya kweli inaning'inia fimbo ya chuma katikati ya pete. Ukitikisa kupita kiasi fimbo inagusa pete, vibao vinakufa, goroli imekwenda. Kompyuta nayo inaiga adhabu hiyo. Sukuma kidogo, goroli inapogonga kitu, si ikiwa tayari mlangoni pa shimo.

Na mteja wa fotokopi akiingia, bonyeza F3, mchezo unasimama. Mhudumie kwanza.