Kisukari cha mwanajeshi mstaafu: VA imegoma kwenye asilimia 20, tukate rufaa?

SWALI: Salaam ndugu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Houston na mume wangu, Mmarekani aliyepigana Vietnam mwaka 1969. Ana kisukari aina ya pili, anajichoma insulini mara mbili kwa siku. VA, idara ya serikali ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu, inamlipa fidia ya ulemavu ya asilimia 20. Tuliomba apandishwe hadi 40, wakakataa. Barua yao inasema hakuna ushahidi kwamba daktari amemwekea mipaka ya shughuli. Mbona mtu mwenyewe hata nyasi za uwani hakati tena? Miguu yote miwili imekufa ganzi, akitembea kidogo anashika ukuta. Barua ina miezi saba sasa. Tukate rufaa, na kwa njia ipi?

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Mna mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, kwa hiyo miezi mitano iliyobaki inatosha, ila msijaze fomu yoyote kabla ya kujua mmekwama wapi hasa. Suala la chanzo cha ugonjwa limekwisha. Tangu 2001 VA huchukulia kwamba kisukari aina ya pili cha mtu aliyetumikia Vietnam kimetokana na Agent Orange, ile sumu ya kuua majani na miti, na mumeo hadaiwi uthibitisho wa hilo. Mnachobishania ni kiwango tu.

Kiwango hupimwa kwa kipengele 7913 cha kanuni za VA. Anayetumia vidonge au insulini na kula kwa masharti hupewa 20. Ili afike 40, lazima mambo matatu yawepo kwa pamoja: insulini, masharti ya chakula, na kuwekewa mipaka ya shughuli, yaani kutakiwa aepuke kazi nzito na michezo ya nguvu. Wengi hudhani wingi wa sindano ndio unaompandisha mtu. Hata akijichoma mara nne kwa siku, bila hilo la tatu atabaki kwenye 20. Tena katika kesi ya Camacho ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufaa za Wanajeshi Wastaafu iliamua kwamba hitaji la mipaka hiyo lithibitishwe na ushahidi wa kitabibu. Maneno ya mgonjwa au ya mkewe peke yake hayatoshi.

Hapo ndipo hizo nyasi zinapowaponza. Kwa maelezo yako mwenyewe, ameacha kuzikata kwa sababu ya miguu. Mipaka inayohesabika ni ile inayowekwa ili kuidhibiti sukari, kwa mfano kwa mgonjwa ambaye sukari humshuka kila akifanya kazi ya nguvu. Na kwa kuwa madaktari huwahimiza wagonjwa wengi wa kisukari wafanye mazoezi, sentensi moja tu ya "atembee kila siku" kwenye faili yaweza kutumika dhidi yenu. Mpelekeeni daktari daftari la vipimo vya sukari, mumwulize waziwazi: je, kwa sababu ya kisukari, anatakiwa aepuke kazi nzito? Akisema ndiyo, aandike barua inayotaja insulini, masharti ya chakula, mipaka aliyoweka, na sababu ya kitabibu ya kuiweka. Akisema hapana, msimsukume. Barua isiyolingana na faili haimsaidii mgonjwa.

Sasa niseme ninaloliona kuwa kubwa zaidi: miguu. Kanuni hiyohiyo inaagiza madhara ya kisukari yanayostahili fidia yapimwe peke yake, kila moja kwa kiwango chake. Mishipa ya fahamu iliyoharibika hupewa, kwa kila mguu, asilimia 10 ikiwa hali ni nyepesi na 20 ikiwa ya wastani, pale tatizo linapokuwa la ganzi na hisia tu. Hujasema kama mliwahi kuiombea miguu, na naogopa hamkufanya hivyo.

Tazama hesabu. VA haijumlishi asilimia kama sisi sokoni. Miguu miwili ya 10 na 10 kwa jedwali lao ni 19, inaongezwa sehemu ya kumi kwa kuwa ni viungo vya pande zote mbili, inakuwa 21. Ukiiunganisha na 20 ya kisukari unapata 37, inayosogezwa hadi kumi iliyo karibu, yaani 40. Basi hata wakisema miguu imeathirika kidogo tu, mtafika palepale mnapopagombania, bila kuhitaji ile barua ya mipaka. Ikionekana ni ya wastani, jumla ni 50. Tena kuanzia asilimia 30, mke huongezewa fungu lake.

Kwa hiyo miguu iombewe kwa fomu 21-526EZ kama madhara yaliyotokana na kisukari. Hapa maneno yako wewe yana uzito, maana ganzi ni kitu ambacho mwenziwe huweza kukishuhudia. Andika kwenye fomu 21-10210 unachokiona nyumbani: kushika ukuta, kuanguka kama huanguka, kidonda ambacho hakukisikia. Siku ya uchunguzi wa VA mwambie asijikaze kiaskari. Watamgusa nyayo kwa uzi mwembamba na kumpima mtetemo, ajibu anachohisi kweli, na aeleze siku mbaya zinavyokuwa.

Kuhusu ile 40, barua ya daktari ikipatikana, tumieni ombi la nyongeza, fomu 20-0995, kwa sababu mna ushahidi mpya. Mkiliwahisha ndani ya mwaka, tarehe ya kuanzia malipo inalindwa. Mapitio ya afisa wa juu, fomu 20-0996, hayapokei ushahidi mpya, yanawafaa tu ikiwa barua ya namna hiyo ilikuwa tayari kwenye faili wakaipita. Bodi ya Rufaa ni njia ndefu, nisingeanzia huko.

Muulizeni pia daktari kuhusu figo, macho na mambo ya chumbani, ambayo mzee huenda anaona haya kuyataja ingawa yana fidia yake. Na kama ana shinikizo la damu, sheria ya PACT ya 2022 imeliingiza kwenye orodha ya magonjwa yanayochukuliwa kuwa yametokana na Agent Orange.

Msimlipe mtu kwa kujaziwa maombi mapya. Tume ya Wanajeshi Wastaafu ya Texas, na vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV na VFW, vina wawakilishi walioidhinishwa wanaofanya kazi hii bure. Wiki hii hii mumeo atume fomu 21-0966 ya kutangaza nia ya kuomba fidia kwa ajili ya miguu. Inamshikia tarehe kwa mwaka mzima wakati mnakusanya karatasi.