Kukisia Gemu Zijazo: Niliyojifunza kwa Kusubiri Miaka Minane

Mwezi Juni 2017 kampuni ya gemu ya Nintendo ilionyesha video isiyofika hata dakika moja, ambayo haikuwa na mhusika, wala silaha, wala sayari ya kuizunguka. Kilichokuwemo ni nembo tu, namba 4, na jina la Metroid Prime. Mdogo wangu alikuwa na miaka 13 wakati huo, na alikuwa ameweka akiba yake kwa muda mrefu akitaka kununua konsoli. Aliniuliza achague ipi. Nilimjibu bila kusita kwamba anunue Switch, kwa kuwa Metroid Prime 4 ilikwisha kutangazwa na isingekosa kutoka kabla ya mwaka 2018 kwisha. Gemu hiyo ilitoka tarehe 4 Desemba 2025. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa na miaka 21, na alikuwa anarudi kutoka kazini.

Sijutii kwamba alinunua Switch, maana aliifurahia kwa gemu nyingine nyingi nzuri. Ninachojutia ni msingi wa ushauri wangu. Kila mwaka aliniuliza, "Kaka, mwaka huu inatoka?" na kila mwaka nilimpa jibu lenye uhakika ambao sikuwa nao. Kwa sababu hiyo nilianza kujifunza kukisia kwa utaratibu, na haya ninayoandika ni yale yaliyonisaidia mimi, nikitumaini yatamsaidia yeyote anayeulizwa na mdogo wake swali kama hilo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza kama gemu imetangazwa, badala ya kuuliza ni nani anayeitengeneza na amefika wapi. Tangazo la mwaka 2017 halikutaja studio. Jambo hilo peke yake lilitosha kunitahadharisha, lakini nembo iling'aa na muziki ulipanda, nami nikaridhika. Tarehe 25 Januari 2019, Shinya Takahashi wa Nintendo alitokea kwenye video akaeleza kwamba kazi haikuwa imefikia kiwango walichokitaka, na kwamba wangeianza upya pamoja na Retro Studios, studio ya Texas iliyotengeneza Metroid Prime ya kwanza mwaka 2002. Kuanzia siku ile hesabu ilipaswa kurudi sifuri. Mimi niliendelea kuhesabu kutoka 2017, kana kwamba miaka ile miwili ilikuwa imehifadhiwa mahali fulani.

Hata baada ya hapo dalili zilikuwa wazi kwa aliyetaka kuziona. Retro Studios iliendelea kutangaza nafasi za kazi kwa ajili ya mradi huo, na mwaka 2020 ilikuwa bado inawaalika watu wajiunge na safari ya kuitengeneza Metroid Prime 4. Studio ambayo bado inatafuta mafundi wa kujenga gemu haiwezi kuwa inakaribia kuifunga kwenye boksi. Siku hizi matangazo ya kazi ya studio ndiyo ninayoyasoma kwanza, kabla ya tetesi za aina yoyote, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya watu wanaotafutwa kweli na hayakuandikwa ili kunisisimua mimi. Akitafutwa mtu wa kuongoza kazi ya michoro, gemu iko changa. Wakitafutwa wajaribu wa kusaka hitilafu, au mafundi wa kuhakikisha gemu inakwenda kwa kasi inayofaa kwenye konsoli, safari imesogea.

La pili ninalolitazama ni tarehe ya gemu ya mwisho iliyotolewa na studio ileile. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka Machi 2017, mwendelezo wake ulitangazwa Juni 2019, ukakusudiwa 2022, kisha ukasogezwa na kutoka tarehe 12 Mei 2023. Hiyo ni miaka sita na zaidi, tena kwa gemu iliyotumia ramani ambayo sehemu yake kubwa ilikuwapo tayari. Grand Theft Auto V ya studio ya Rockstar ilitoka Septemba 2013, na Red Dead Redemption 2 ya studio hiyohiyo ikatoka Oktoba 2018. Anayeanza kuhesabu siku ya trela, yaani video ya kwanza ya tangazo, hujiona amesubiri muda mrefu usio wa kawaida, ilhali anayehesabu kutoka gemu iliyotangulia huona kwamba watu wanafanya kazi kwa mwendo wao uleule.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye suala la fedha, kwa sababu mashabiki wengi hulipita haraka. Nintendo, Sony na Take-Two, mmiliki wa Rockstar, zote hufunga mwaka wao wa fedha tarehe 31 Machi. Kila robo mwaka kampuni hizi hutoa taarifa kwa wanahisa, na kwa Nintendo taarifa hiyo huwa na ukurasa wenye orodha ya gemu zinazokuja, pamoja na tarehe au msimu wa kila moja. Metroid Prime 4 ilikaa kwenye orodha hiyo miaka na miaka ikiwa na maelezo kwamba tarehe itatangazwa baadaye. Orodha ya namna hiyo haina muziki wala nembo ya kung'aa, na ndiyo maana naiamini kuliko trela. Mtendaji akiwahutubia wawekezaji huchagua maneno kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu maneno yake yana uzito wa kisheria. Na pale anapokwepa kutaja mwaka, ukwepaji huo nao ni habari.

Hata hivyo, tarehe iliyotajwa na mwenye gemu mwenyewe si mkataba kati yake na wewe. Trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI, Desemba 2023, ilisema 2025. Mwezi Mei 2025 ikasogezwa hadi tarehe 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikasogezwa tena hadi tarehe 19 Novemba 2026. Cyberpunk 2077 ilipewa tarehe 16 Aprili 2020, kisha 17 Septemba, kisha 19 Novemba. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo studio ilitangaza kwamba nakala ya kupeleka kiwandani imekamilika, jambo ambalo kwa kawaida humaanisha hakuna kurudi nyuma, na wiki tatu baadaye ikasogezwa hadi tarehe 10 Desemba. Ilipotoka, hali yake kwenye konsoli za kizazi kilichokuwa kinapita ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni kwa takriban miezi sita. Tangu hapo, gemu ikiahirishwa huwa naipokea habari hiyo kwa utulivu, na ninamshauri kila mtu afanye vivyo hivyo.

Kuna chanzo kingine ninachokithamini sana, nacho ni bodi zinazopanga umri unaofaa kwa kila gemu. Kwa kuwa gemu hupitishwa na bodi hizo kabla ya kuuzwa, mara nyingi jina lake huonekana kwao kabla mchapishaji hajasema neno. Lakini kuna namna ya kuisoma taarifa hiyo. Juni 2023 bodi ya Korea Kusini iliorodhesha Red Dead Redemption, gemu ya mwaka 2010. Mimi na wenzangu wengi tuliamua papo hapo kwamba inaundwa upya yote, kwa uzuri wa ile ya pili. Agosti ikatoka kwa PlayStation 4 na Switch, na ilikuwa ni ileile ya 2010 iliyohamishwa, tena bila sehemu ya kucheza pamoja mtandaoni. Bodi haikutudanganya hata kidogo. Ilisema gemu ipo, basi. Mapambo yote tuliyaweka sisi, na tulipokasirika tulikasirikia ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Watu hupenda kusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika tetesi za gemu msemo huu una nusu ya ukweli. Septemba 2021 orodha ndefu ya majina ilivuja kutoka GeForce Now, huduma ya Nvidia ya kucheza gemu kupitia mtandao. Kampuni ilieleza kwamba majina hayo yalikuwa ya ufuatiliaji na majaribio ya ndani, na kwamba kuwamo kwenye orodha si uthibitisho wa gemu yoyote. Hata hivyo, God of War kwa kompyuta ilitangazwa mwezi uliofuata, na Kingdom Hearts IV ikatangazwa Aprili 2022, zote zikiwa zimo. Majina mengine kadhaa yakapita miaka bila tangazo lolote. Orodha ilikuwa ya kweli kama orodha, lakini ndani yake kulikuwa na gemu zilizokaribia kutoka, na nyingine ambazo pengine zilikuwa makisio ya mfanyakazi tu.

Uongo mtupu nao upo, tena hutengenezwa kwa ufundi. Oktoba 2018 ilisambaa picha iliyodaiwa kuonyesha bango la Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya mapigano ya Nintendo, likiwa na wapiganaji wapya. Wengi waliiamini kwa sababu pembeni yake zilionekana kazi za matangazo ya filamu iliyokuwa haijatoka bado, wakaona kwamba hakuna mtu wa kawaida angeweza kuzipata. Tarehe 1 Novemba Nintendo ikatangaza orodha yake, na picha ile ikaanguka. Nakumbuka nikiwa nimeivuta picha hiyo kwenye simu hadi rangi zikawa vijisanduku, nikitafuta ushahidi wa kile nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa naangalia ubora wa bango, wakati swali lilikuwa ni nani ameileta picha na amewahi kusema kweli mara ngapi. Mtoa tetesi anayekosea kisha akafuta alichoandika, mimi simrudii tena.

Kuhusu ukimya, nimebadilisha mawazo kabisa. Zamani studio ikinyamaza niliamini gemu imekufa. Hollow Knight: Silksong, mwendelezo wa Hollow Knight, ilitangazwa Februari 2019 na Team Cherry, kikundi cha watu wachache sana huko Adelaide, Australia. Juni 2022 ilionyeshwa kwenye onyesho la Xbox pamoja na kauli kwamba kila kilichoonyeshwa kingechezeka ndani ya miezi 12. Mei 2023 ikasogezwa bila tarehe mpya, kisha kukawa kimya. Tarehe 21 Agosti 2025 wakatangaza kwamba inatoka tarehe 4 Septemba, yaani wiki mbili tu baadaye, na ikatoka. Walieleza kwamba hawakukwama popote. Walikuwa wanaongeza mambo na kufurahia kazi yao. Kinyume chake, Perfect Dark ilikuwa na trela iliyoonyesha uchezaji Juni 2024, na Julai 2025 ikafutwa na Microsoft, mmiliki wa Xbox, pamoja na gemu nyingine, Everwild. Kwa hiyo kelele si uhai, na kimya si kifo. Kinachonisaidia kukisia ni ukubwa wa kikundi na nani anayekilipa. Watu wachache wanaoishi kwa mauzo ya gemu yao ya kwanza wanaweza kumudu kuchelewa. Studio kubwa ndani ya kampuni inayopunguza wafanyakazi haiwezi.

Haya yote nayaandika kwenye daftari. Kila ninapokisia, naandika jina la gemu, ninachokijua kwa hakika, aliyekisema, mwaka ninaoukisia, na tarehe ya siku hiyo. Nilipoyapitia makisio yangu ya nyuma, niligundua jambo ambalo nisingeligundua bila maandishi: makosa yangu karibu yote yanaegemea upande mmoja. Huwa nakisia mapema mno. Gemu kubwa husogezwa mbele, na ni nadra sana kurudishwa nyuma, kwa hiyo anayekisia katikati ya matumaini yake atakosea kuelekea upande uleule kila mara. Sasa nikishafikia mwaka ninaouona sahihi, naongeza mwaka mmoja.

Ushauri wa fedha ni mfupi. Usinunue konsoli kwa ajili ya gemu isiyo na tarehe. Nunua kwa ajili ya zile zilizokwisha kutoka ambazo ungezicheza hata kama nyingine isingekuja kabisa. Angalia pia umri wa konsoli yenyewe, kwa sababu gemu inayochelewa sana huvuka kizazi. Breath of the Wild ilianza kama gemu ya Wii U, konsoli iliyotangulia Switch, na ilipofika ilitoka siku moja na Switch mpya. Metroid Prime 4 nayo ilitoka kwa Switch na Switch 2 kwa pamoja. Aliyenunua mashine kwa ajili ya gemu moja anaweza kuipata gemu hiyo siku ambayo mashine yake imekuwa ya pili kwa ubora. Na oda ya awali ya gemu ya kupakua haina haraka yoyote, maana faili haliwezi kuisha dukani.

Mdogo wangu sasa ana daftari lake. Juzi tulilinganisha ukurasa wa The Elder Scrolls VI, iliyotangazwa Juni 2018 kwa mandhari ya milima na jina tu. Mimi nilikuwa nimeandika mwaka kwa penseli. Yeye ameacha nafasi ya mwaka wazi, na chini yake ameandika jina la studio, tarehe ya gemu yao iliyopita, Septemba 2023, na maneno mawili: "bado mapema."