Vidonge ndani ya soksi

*Shikamoo Shangazi. Miezi miwili iliyopita daktari aliniambia nina sonona na wasiwasi uliopitiliza, akanipa dawa. Nimezificha ndani ya soksi, nazimeza usiku mke wangu akishalala. Juzi aliniuliza naamka kuongea na nani. Anadhani nina mwanamke. Nikimwambia ukweli ataniona kichaa. Kaka yangu husema hayo ni maradhi ya watu walegevu. Nafikiria kuziacha dawa, yaishe.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama palepale: uko radhi mkeo akudhanie mzinzi kuliko akujue mgonjwa. Imeniuma. Kaka yako alilisema neno lile hata hajui unaumwa, nawe ukalibeba likawa lako.

Dawa usiziache ghafla. Za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na ukizikata kwa mara moja unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hata ugonjwa ukarudi. Kama zinakusumbua, rudi kwa daktari, apange namna ya kuzipunguza au kuzibadilisha. Na huo ulegevu siuoni. Mtu anayeamka kifua kimebana, moyo unakwenda mbio kama anayefukuzwa, na bado akaoga, akavaa, akaenda kazini, mimi simwiti mlegevu. Shirika la Afya Duniani linakadiria wenye sonona duniani ni zaidi ya milioni 300.

Sasa mkeo. Usimwambie mkiwa mmegombana. Ngoja saa nyumba imetulia, itoe ile soksi, umwekee vidonge mkononi. "Ninachoamkia usiku ni hiki. Naumwa sonona, natibiwa. Niliogopa kukwambia." Halafu nyamaza, umwache aseme. Huenda akalia. Huenda akakasirika, na hasira hiyo itakuwa ya kufichwa miezi miwili. Usiihesabu kuwa ni ya ugonjwa. Akiwa na maswali usiyoyaweza, nendeni wote kwa daktari siku ya miadi, amuulize mwenyewe. Wengi huogopa ugonjwa huu kwa sababu hawajawahi kusikia mtu akiueleza taratibu. Muulize daktari pia kuhusu tiba ya mazungumzo. Kwa wasiwasi husaidia sana, pamoja na dawa au peke yake.

Kuna jambo hukuliandika, nami nakuuliza waziwazi: umewahi kuwaza kujiua? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Kama jibu ni ndiyo, usingoje saa ya utulivu wala siku ya miadi. Mwamshe mkeo leo, akupeleke hospitali.

Kaka yako mwache kwanza. Wapo watakaokushauri uwatangazie ndugu wote, mimi sikubaliani nao. Ugonjwa ni wako, na wa kumwambia unamchagua wewe. Akilirudia neno lile siku una nguvu, mwambie linaumiza. Siku huna nguvu, nyanyuka utoke nje, upunge upepo na mkeo.