Kwa nini RuneScape napenda, magemu ya mitandao ya kijamii sitaki

Mkuu umeuliza inakuwaje napenda RuneScape, gemu la mtandaoni unalocheza na watu wengi, halafu magemu ya mitandao ya kijamii siyataki kabisa, wakati yote ni kubofya tu. Tofauti ni watu. Kwenye Old School RuneScape, lile toleo la mtindo wa zamani, kuna bosi (adui mkubwa wa kupambana naye) anaitwa Wintertodt, mnakuwa kundi zima kwenye baridi kali, huyu anakata mizizi ya kuni, yule anachochea moto, mwingine anakimbilia kumtibu mchawi aliyeanguka, na wala hamjuani, yaani moto ukizimika mnaumia wote. Ila FarmVille, lile gemu la kilimo la Facebook la 2009, ulikuwa ukipanda zao ukachelewa kurudi linanyauka, na marafiki kazi yao ilikuwa kutumiwa maombi ya gemu tu. Shangazi yangu alikuwa ananitumia ombi la gemu kila siku, salamu hakuna, iliniuma sana aisee.