Makerere ilianza 1922, si 1949

Hapana ndugu, umeandika kwamba Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda kilianza 1949, lakini ni 1922, ndiyo maana miaka 100 ya chuo iliadhimishwa 2022. Kilianza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wanaume, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hiyo 1949 uliyoandika ni pale kilipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kaulimbiu yao ya mwanzo ilisema "Tuwe wanaume", ikabadilishwa 1945 walipoingia wanawake sita wa kwanza. Mambo haya ni ya kutunzwa kwenye makumbusho ya chuo, tena haraka: moto wa Septemba 2020 uliramba paa la Jengo Kuu na majalada yakaungua.