Fedha za Serikali kwa Maji na Majengo ya Kijiji: Ushauri kwa Watendaji Wapya wa Mtwara na Lindi

Nilianza utendaji wa kijiji katika Wilaya ya Newala nikiwa kijana asiyejua tofauti kati ya fedha inayorudishwa na fedha isiyorudishwa, na mengi ninayoyaandika hapa niliyakosea kwanza ndipo nikayajua. Ninyi mnaopangiwa vituo sasa, iwe Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa au Liwale, mtaulizwa katika mkutano wenu wa kwanza fedha za kisima au za zahanati zitatoka wapi. Kabla ya kujibu, jiulizeni fedha hiyo ni ya aina gani, na ni nani atakayedaiwa siku mambo yatakapoharibika.

Anzeni kwa kuujua mlango wa kupeleka maombi. Tangu Julai 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, wenye meneja wake wilayani. Zahanati, madarasa na nyumba za walimu zimebaki halmashauri. Hata hivyo bado naona barua za kuomba kisima zikipelekwa kwa Mkurugenzi Mtendaji peke yake, zikizunguka kutoka meza hadi meza kabla ya kumfikia mhandisi anayehusika. Mwandikieni meneja wa RUWASA, na Mkurugenzi mpeni nakala.

Kijiji chenyewe kwa kawaida hakikopi. Taifa ndilo hukopa, na fedha ikifika kijijini huwa imekwisha kuwa ruzuku, yaani fedha isiyorudishwa. Mfano ulio karibu ni mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19: sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja, na hakuna kamati ya shule iliyodaiwa hata senti. Vivyo hivyo mkopo wa dola milioni 500 kutoka India kwa ajili ya maji ya miji 28, ambao umeugusa mradi wetu wa maji wa Makonde, ni deni la Serikali. Mzee akisimama mkutanoni na kuuliza deni la bomba litalipwa lini, mwelezeni hivyo, kisha mwelezeni pia kwamba anacholipia kwenye ndoo ni gharama ya kuyasukuma maji hadi yamfikie.

Mkopo unaomgusa mwanakijiji moja kwa moja ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, usio na riba, ambao asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolikumbuka kuliko yote. Pampu ya kijiji chetu ilipoungua, nilikishauri kikundi kimoja cha akina mama kichukue mkopo huo, kinunue pampu nyingine na kurejesha fedha kwa kuuza maji. Andiko lilipita kama mradi wa biashara, pampu ikafungwa, maji yakatoka. Wiki ya pili watu wakaanza kusema kwamba kisima ni cha kijiji, hivyo akina mama wale hawana mamlaka ya kumtoza mtu. Waliolipa ni wageni na wenye haya. Wengine walichota bure mchana kweupe. Marejesho yalipokwama, walioitwa kujieleza walikuwa wanakikundi, wala si mimi niliyewashauri, na deni walilimaliza kwa fedha zao za korosho. Mkopo wa kikundi uende kwenye mali ambayo kikundi kinaweza kuifungia mlango, kama mashine ya kukoboa au kuku. Pampu ya kijiji ipelekeni RUWASA.

Juu ya majengo sina mengi. Wananchi wakijenga boma hadi lenta kwa nguvu zao, halmashauri huweza kuliombea fedha za umaliziaji, ila ramani iwe imeidhinishwa na mhandisi wa halmashauri kabla ya msingi kuchimbwa.

Maji yanataka hesabu zaidi, hasa kwetu ambako maji yako bondeni na watu wako juu. Mradi wa Makonde, uliojengwa miaka ya 1950, huyasukuma kutoka chanzo cha Mitema hadi uwanda wa juu, na enzi hizo watu waliyanunua kwa debe. Baadaye ikaja miaka ya maji ya bure, na Ufini ikafadhili maji katika mikoa yetu miwili kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa takriban miongo miwili. Mabaki ya pampu za mkono za wakati ule yapo katika vijiji vingi: ujenzi ulikuwa na mfadhili, vipuri havikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo pigeni hesabu kabla ya kuandika barua. Kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002 ni lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kijiji cha watu 2,500 kinahitaji vituo 10 na lita 62,500 kwa siku. Kisima kinachotoa lita 6,000 kwa saa, kikitegemea sola yenye saa sita za jua kali, kitatoa lita 36,000, na watu wawili kati ya kila watano watakosa maji hata kama vituo vyote 10 vimezinduliwa kwa ngoma. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mkipanga shilingi 20 kwa ndoo, chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani wanakijiji wanaoendesha mradi, kitapata shilingi 1,000 kwa uniti. Muulizeni mhandisi kama fedha hiyo inatosha umeme, posho ya mwendesha mitambo na akiba ya pampu, na jibu lake mlipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Ardhi nayo isichukuliwe kwa maneno matupu. Nimeona eneo la tangi likitolewa na mzee kwa moyo mweupe, akafariki, na warithi wakadai fidia ya mikorosho minane wakati mabomba yameshashushwa. Andikeni makubaliano mbele ya halmashauri ya kijiji, mhesabu mikorosho iliyopo hata kwenye njia ya mtaro, na watoto wakubwa wa mwenye shamba watie sahihi pamoja naye.

Mwisho ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla, wakati ambao kwetu watu wako mashambani wakiokota korosho na mkutano haupati akidi. Mimi huitisha mkutano wa kuibua miradi mwezi Agosti, na michango ya wananchi huiacha hadi fedha za minada ya korosho zianze kuingia. Muhtasari na orodha ya mahudhurio vipigwe muhuri siku ileile, nakala moja iende kwa Mtendaji wa Kata, nyingine kwa meneja wa RUWASA, na ya tatu ikae ofisini ndani ya jalada, isiachwe kwenye begi la mwenyekiti.